Kiti Kimoja, Madereva Wengi

Maelezo yaliyotolewa kwa madereva, wenye magari na mafundi katika kikao cha uhamasisho kuhusu afya na usalama wa dereva. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiti cha dereva ni hivyo hivyo. Abiria hukiona kwa nyuma tu. Mwenye gari hukikalia siku moja moja, anapolipeleka gari kwa fundi au kwenye ukaguzi. Dereva ndiye anayekikalia tangu alfajiri, na ndiye anayejua springi inachoma wapi, egemeo limelegea upande gani, na usiku alalapo ni sehemu gani ya mgongo inayomnyima usingizi.

Na ichukuliwe matatu moja ya abiria 14, inayokwenda na kurudi kati ya Mombasa na Malindi, mwendo wa kama kilomita 120 kwenda peke yake. Huu ni mfano tu, lakini hakuna dereva atakayeuona mgeni. Dereva wa zamu ya asubuhi ni mwanamume wa futi 6. Amesukuma kiti hadi mwisho wa reli na kulaza egemeo nyuma. Saa saba mchana anamwachia gari dereva wa skwodi, yaani yule anayemshikia zamu. Huyu wa pili ni mwanamke wa futi 5. Tofauti ya urefu kati yao ni karibu sentimita 30, sawa na rula ya mtoto wa shule.

Stejini hakuna nafasi ya kupumua. Abiria wamejaa, kondakta anapiga bodi kwa kiganja, gari la nyuma linapiga honi. Dereva wa pili anaruka ndani, anafunga mlango na kuondoka. Kiti kimebaki pale alipokiacha mwenzake.

Kuanzia hapo anaendesha akiwa ameketi ukingoni mwa kiti. Mgongo wake haugusi egemeo. Ili kukanyaga klachi hadi mwisho, anateleza mbele na kujishikilia kwenye usukani. Ikitokea bodaboda imekatiza ghafla, mguu wake utafika kwenye breki, ila hautakuwa na nguvu kamili, kwa sababu nguvu ya mguu hutokana na mgongo ulioegemea mahali imara. Abiria 14 wanategemea mguu huo.

Hilo ndilo jambo la leo. Kiti kinachomfaa dereva mmoja hakimfai mwingine. Kila anayeshika usukani anapaswa kukirekebisha kiti kabla ya gari kuondoka, na kila mwenye gari anapaswa kuhakikisha kwamba kiti hicho kinarekebishika.

Hakuna mtu wa wastani

Wapo watakaouliza kwa nini watengenezaji wa magari wasitengeneze kiti kimoja kinachomfaa mtu wa kawaida, mambo yakaisha. Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa vipimo, na waliolijibu walikuwa watu wa ndege.

Mwaka 1950, Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani wake 4,063. Chumba cha rubani katika ndege za wakati huo kilikuwa kimeundwa kwa kufuata mtu wa wastani. Mtafiti mmoja kijana, Luteni Gilbert Daniels, alichukua vipimo 10 vya mwili, kama urefu wa mwili, mzunguko wa kifua na urefu wa mkono, kisha akatafuta ni marubani wangapi waliokuwa karibu na wastani katika vipimo vyote 10. Hakumpata hata mmoja. Mwenye kimo cha wastani alikuwa na mikono mirefu, na mwenye kifua cha wastani alikuwa na miguu mifupi. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Jeshi hilo likaanza kuwataka watengenezaji waunde viti, pedeli na mikanda inayoweza kusogezwa kumfuata rubani. Na ikumbukwe kwamba hao wote walikuwa wanaume waliokwisha kuchaguliwa kwa umbo. Wanaoendesha magari katika kaunti hii ni vijana na wazee, wanawake na wanaume, wanene na wembamba, warefu na wafupi. Mikono ya kurekebishia iliyo chini na pembeni mwa kiti haikuwekwa kama pambo. Iliwekwa kwa sababu ya tofauti hizo.

Kiti kibaya kinaufanya nini mwili

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kuna diski laini inayopokea mishtuko. Mtu akisimama wima, kiuno chake kina mpindo mdogo wa kuingia ndani. Akiketi na kujikunja, mpindo huo hupotea na diski hubanwa upande wa mbele.

Katika miaka ya 1960 na 1970, daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, pamoja na wenzake, walipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai wakiwa wamelala, wamesimama na wameketi. Walikuta kwamba kuketi huku mwili umeinama mbele bila egemeo huibana diski kuliko kusimama. Walikuta pia kwamba mtu akiegemea nyuma kidogo na kuwekewa tegemeo kiunoni, shinikizo hilo hupungua. Yule dereva wa pili anayeketi ukingoni mwa kiti yuko katika mkao ule mbaya, na yuko humo kwa saa nyingi.

Jambo la pili ni mtikisiko. Mwili wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi pale mitikisiko ya juu na chini inapofikia kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Kwa bahati mbaya, magari mengi yakipita barabara mbovu hutoa mtikisiko wa karibu na kiwango hicho. Sponji iliyochoka au laini kupita kiasi haiuzuii. Mara nyingine huuongeza. Ndiyo maana dereva aliyeshinda kwenye barabara ya vumbi hushuka amechoka kama aliyekuwa akilima. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kupitisha mwongozo mwaka 2002 unaowataka waajiri wachunguze kiwango cha mtikisiko kinachowapata wafanyakazi wao, na kuchukua hatua kikizidi.

Jambo la tatu ni damu. Kiti ambacho ukingo wake wa mbele unakandamiza nyuma ya goti huzuia damu kupita vizuri miguuni. Miguu hufa ganzi na nyayo huvimba. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kuhisi vizuri ni kiasi gani umekanyaga breki.

Na la nne ni joto. Katika matatu nyingi za abiria 14 injini iko chini ya viti vya mbele. Dereva hupata joto la jua kupitia kioo na joto la injini kutoka chini. Kiti kilichovikwa plastiki kinamfanya aloe jasho na kuteleza, naye anapoteleza huupoteza ule mkao aliouanza asubuhi.

Madereva ni tofauti, shida ni tofauti

Dereva mfupi hulazimika kusogea karibu sana na usukani. Kwa gari lenye mfuko wa hewa ndani ya usukani, ukaribu huo ni hatari, kwani mfuko hulipuka kwa nguvu na kwa kasi kubwa. Ushauri unaotolewa na wataalamu wa usalama barabarani nchini Marekani ni kuwa kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Dereva mfupi akiona nafasi hiyo haipatikani, kwanza ainue kiti kama kinainuka, kisha alaze egemeo nyuma kidogo, na kama usukani unashuka au kusogea, aushushe uelekee kifuani wala si usoni.

Akihitaji mto wa kukalia ili aone mbele, uwe mgumu na uwe umefungwa usiteleze. Mto laini na mnene una madhara yasiyoonekana: gari likigonga, mto hubonyea, nyonga zikapita chini ya mkanda, na mkanda ukapanda tumboni. Tumbo halina mfupa wa kulikinga.

Dereva mrefu ana taabu nyingine. Kichwa chake kiko karibu na paa, kwa hiyo hujikunja shingo, na magoti yake hugusa usukani. Huyo akishushe kiti hadi chini na kukisogeza nyuma, lakini asilaze egemeo kama anayelala ufuoni. Anayelala sana huendesha mikono ikiwa imenyooka na shingo imesukumwa mbele ili aone barabara. Jioni mabega huwa mazito kama aliyebeba gunia.

Dereva mnene hukuta egemeo lenye mbavu za pembeni likimbana, na mkanda ukipanda juu ya tumbo. Autelemshe mkanda wa chini mpaka ulale juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, hata kama itambidi aunyanyue mwili kidogo.

Dereva mjamzito afanye vivyo hivyo kwa uangalifu zaidi. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Mkanda wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Kiti akisogeze nyuma kadiri anavyoweza, mradi pedeli azifikie vizuri. Wapo akina mama wanaouacha mkanda wakidhani unamdhuru mtoto. Mkanda uliovaliwa ipasavyo unawalinda wote wawili.

Dereva mzee, au mwenye magoti na kiuno cha zamani, hupata taabu hasa kuingia na kutoka. Ageuke akalie kiti kwanza, miguu ikiwa nje, kisha aiingize yote miwili pamoja. Akitoka afanye kinyume chake. Kujipinda kiuno mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine nje ndiko kunakoamsha maumivu.

Dereva wa lori naye ana jambo lake. Malori makubwa yanayopita Mariakani kuelekea Nairobi, safari ya karibu kilomita 480 kutoka Mombasa, mengi yana kiti chenye springi au upepo. Kiti hicho kina kitasa cha kuweka uzito wa dereva, mara nyingi kuanzia kama kilo 50 hadi 130. Dereva wa kilo 60 akikalia kiti kilichowekewa kilo 110, kiti hakichezi na mishtuko yote inapanda mgongoni. Wa kilo 110 akikalia kilichowekewa kilo 60, kiti kinagonga chini kila penye shimo. Wote wawili watalalamika kwamba kiti ni kibovu, kumbe hawajagusa kitasa.

Namna ya kurekebisha kiti

Utaratibu huu ufuatwe gari likiwa limesimama na handibreki imevutwa. Kiti kinachosogezwa gari likiwa linakwenda kinaweza kumtupa dereva mbali na breki.

1. Kutoa vitu mfukoni. Pochi nene au simu kwenye mfuko wa nyuma huinua kalio moja na kuupinda uti wa mgongo safari nzima.

2. Kuketi hadi nyuma, makalio yakigusa egemeo.

3. Kuweka kimo. Macho yaone barabara vizuri juu ya usukani, na kati ya kichwa na paa ibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo.

4. Kuweka umbali. Klachi ikanyagwe hadi mwisho, au breki kwa gari lisilo na klachi. Goti libaki limepinda kidogo. Goti likinyooka kabisa, kiti kiko mbali.

5. Kutazama ukingo wa kiti. Kati ya ukingo na nyuma ya goti ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu.

6. Kuweka egemeo. Mabega yakiwa yameegemea, mkono unyooshwe mbele. Kifundo cha mkono kitue juu ya usukani. Mabega yakinyanyuka, egemeo limelala mno.

7. Kutegemeza kiuno. Kama kiti hakina tegemeo lake, leso au taulo ndogo iliyokunjwa inatosha, ikiwekwa usawa wa mshipi wa suruali. Isiwe nene. Ikimsukuma dereva mbele, ipunguzwe.

8. Kuweka egemeo la kichwa. Sehemu yake ya juu ilingane na utosi, na liwe karibu na kisogo. Lilibuniwa kuikinga shingo isiumie gari likigongwa kwa nyuma, na likishushwa hadi shingoni halifanyi kazi hiyo.

9. Kufunga mkanda, kisha vioo. Vioo huwa vya mwisho, kwa sababu mtu akibadili mkao, anachokiona kiooni nacho hubadilika.

Madereva wazoefu wana hila moja ya kujipima. Dereva aliyeviweka vioo vizuri alfajiri, akiona mchana kwamba inambidi ajinyooshe ili aone nyuma, ajue vioo havikusogea. Ni mgongo wake ulioporomoka. Hapo ajirudishe kwenye kiti. Vioo aviache vilivyo.

Utaratibu wote huu ukizoeleka hauchukui hata dakika mbili. Kondakta anayepiga bodi kwa haraka anaweza kusubiri dakika mbili.

Kiti kilichochakaa

Lakini yote hayo hayawezekani iwapo kiti kimekwama. Magari mengi ya kaunti hii yaliingia nchini yakiwa yametumika kwingine, na yamekaliwa na madereva wengi kabla ya huyu wa leo. Reli zina kutu na mchanga, mkono wa kurekebishia umevunjika, na mara nyingine mtu amekichomelea kiti kwenye sakafu ili kisitikisike. Kiti kilichochomelewa kimewekwa kwa umbo la dereva mmoja, na wengine wote wanateseka.

Dereva au fundi anaweza kukagua mambo manne bila kifaa chochote. La kwanza, kiti kikisogezwa kitoe mlio wa kujifunga, kisha kisukumwe mbele na nyuma kwa nguvu. Kikiteleza, gari lisitoke. Kiti kinachoachia wakati wa kupanda mlima humpeleka dereva nyuma, mguu ukaachia pedeli. La pili, sponji ibonyezwe kwa ngumi. Ngumi ikigusa chuma, sponji imekwisha. La tatu, egemeo litazamwe kwa nyuma kama limelala upande mmoja. La nne, chini ya kiti pamulikwe kwa tochi. Chupa ya maji, spana au kiatu kilichowekwa hapo kinaweza kubingirika hadi chini ya breki.

Mafundi wa kushona viti wa jua kali ni watu muhimu katika jambo hili. Mteja akileta kiti, wengi huulizwa rangi ya ngozi na nakshi ya uzi. Swali la kwanza lingekuwa nani anakikalia, na kwa saa ngapi. Sponji ya kiti cha dereva inahitaji kuwa ngumu kuliko ya kochi la sebuleni. Kitambaa kinachopitisha hewa kinafaa pwani kuliko plastiki. Na nguo ya kiti isifunike mahali mkanda unapoingia, wala mfuko wa hewa kama uko pembeni mwa kiti. Wenye magari wakumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Reli iliyotiwa mafuta na sponji iliyobadilishwa mapema ni gharama ndogo kuliko gari kulala gereji na dereva kulala kitandani.

Kiti kizuri hakiondoi uchovu

Hata kiti bora kuliko vyote hakikutengenezwa ili mtu akikalie siku nzima. Mwili unahitaji kubadili mkao. Baada ya kila saa mbili hivi, dereva ashuke, atembee, ajinyooshe kiuno na kunywa maji. Dereva wa matatu anaweza kufanya hivyo stejini kila gari linapopakia, badala ya kuketi ndani akitazama simu. Aliyeshuka baada ya safari ndefu asikimbilie kubeba mizigo papo hapo. Mgongo upewe dakika chache kwanza.

Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri achukue hatua ili mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi. Kwa dereva, mahali pa kazi ni kile kiti. Anayedai kirekebishwe hadai anasa.

Wapo madereva watakaosema kwamba wameendesha miaka 20 kwenye viti vibovu na bado wako barabarani. Ni kweli, wapo. Lakini katika kila steji wapo pia wale waliokuwa madereva, ambao leo hawawezi kuketi nusu saa bila kusimama. Hao hawaonekani barabarani, ndiyo maana hawahesabiwi.

Kanuni za mikanda zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, wengi walizipinga wakisema mikanda inabana na inachelewesha safari. Leo hakuna anayeshangaa kukuta mkanda kwenye matatu. Tabia ya kurekebisha kiti nayo itakuwa hivyo, ikianza.

Dalili za kutopuuzwa

Maumivu ya kiuno baada ya safari mara nyingi hupungua kwa kupumzika na kutembeatembea. Dereva aende zahanati au kituo cha afya iwapo maumivu yanashuka kutoka kalioni hadi chini ya goti, iwapo mguu umekufa ganzi au umelegea, au iwapo maumivu yanamwamsha usiku kwa wiki kadhaa. Akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja. Hiyo ni dalili ya mishipa ya fahamu kubanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.

Kila mmoja na sehemu yake

Dereva arekebishe kiti kila anapopokea gari, hata kama aliyemwachia ni ndugu yake wa toka nitoke. Anayeachia zamu amwambie mwenzake kiti kina kasoro gani. Kondakta asimharakishe. Chama cha ushirika cha matatu kiweke ukaguzi wa kiti cha dereva pamoja na ukaguzi wa breki na tairi. Mwenye gari, angalau mara moja kwa mwezi, aketi katika kiti hicho na kuendesha safari nzima, kwenda na kurudi. Akishuka atakuwa amejua kunguni wake.

Na abiria naye ana sehemu yake. Akimwona dereva aliyepokea usukani stejini anasogeza kiti, anajaribu breki na kutazama vioo, asipige mluzi wala kusonya. Dakika hizo mbili zinatumika kwa ajili yake.